Bwana Harusi Yuko Kwenye Barafu

Nimeolewa mara moja tu maishani, na siku niliyoolewa mume wangu alikuwa juu kabisa ya Urusi, ndani ya meli iliyonasa kwenye barafu. Watu wakiniuliza harusi yangu ilikuwaje huwajibu kwamba ilifana sana, isipokuwa bwana harusi hakuwepo. Waingereza hucheka. Watu wa Unguja hawacheki. Wao huuliza, "Sasa nani alikubali ndoa?" na hapo ndipo inabidi nivute kiti nikae.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya bima za meli, katikati ya London, ndani ya jengo la vioo ambalo madirisha yake hayafunguki. Kazi yetu ilikuwa kukaa mahali pakavu penye joto na kuwauliza wenye meli maswali kuhusu baridi. Miaka ile meli za mizigo zilikuwa zimeanza kupita kaskazini wakati wa kiangazi. Badala ya kutoka Uchina zikazunguka kwa mfereji wa Suez, zilipanda juu, zikaambaa na pwani ya Urusi katika bahari inayoganda, kisha zikashukia Ulaya. Njia hiyo ni fupi, na mwenye meli akisikia neno fupi masikio yake huziba kwa maneno mengine yote. Basi sisi tuliuliza: ubavu wa chombo chenu una unene gani? Mmechukua rubani wa barafu, yaani mtu wa huko anayeijua njia? Meli ya kuvunja barafu itawatangulia? Wakijibu vizuri tulipiga muhuri, tukaenda kunywa chai.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba barafu ina umri. Ile changa, ya msimu mmoja, ina chumvi ndani, na meli yenye nguvu huipasua. Ikipitisha viangazi kadhaa bila kuyeyuka, chumvi huitoka yote, ikawa ngumu ajabu. Hiyo wanaiita barafu kongwe, na manahodha wanaiogopa. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilimfikiria baba yangu.

Baba alifika London kijana, Mapinduzi yamekwisha kupita na mlango wa kurudi umefungwa nyuma yake. Alikata tikiti kwenye dirisha la stesheni mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuona haya treni ikichelewa, kama vile abiria watakuja kumlaumu nyumbani kwetu Barking. Mama alikuja baadaye kumfuata. Hivyo tu ndivyo tulivyoambiwa, kwamba alikuja baadaye kumfuata. Alifanya kazi ya kuwatunza wazee wa Kiingereza majumbani mwao, akawafundisha wengi wao kula mchele wa nazi.

Sebuleni kwetu kulikuwa na picha ya harusi ya mama. Yupo msichana, hina mikononi, asumini kichwani, amekaa kwenye kiti cha kuchonga. Pembeni yake kuna kiti cha pili, kitupu, kimewekewa mto uliotariziwa. Baba hayumo. Nilikua nikiamini kwamba mpiga picha alikuwa mzembe, au kwamba ndivyo mambo yetu yalivyo, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mtoto wa kwetu haulizi wazazi wake habari za harusi yao. Na kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia, juu ya kabati la viatu, lilitundikwa koti la rangi ya kahawia, pana, la kuenea watu wawili. Mama hakulivaa wala hakukubali litupwe. Nilidhani ni la baba.

Mume wangu alikuja ofisini kwetu pamoja na maofisa wengine wa meli waliokuwa kwenye kozi ya kuendesha vyombo barafuni, kozi iliyofanyika London, mahali ambapo barafu ya karibu iko kwenye glasi. Alikuwa ofisa wa pili, yule anayeshughulika na ramani. Mimi nilikuwa kwenye simu namwambia mama kwamba mihogo ya Ilford imekwisha. Yule bwana akageuka.

"Hounslow ipo, dada," alisema. "Ami yangu huinunua huko."

Kiswahili cha Mombasa, pua ndefu, koti limefungwa vifungo visivyolingana. Nilikuwa nimeshavuka umri ambao mashangazi hukuuliza utaolewa lini, nikaingia ule ambao hukuombea dua kimyakimya. Nilimtazama nikaona, huyu hapa. Sina namna nyingine ya kueleza, na wala sikutafuta.

Baba alikuwa na pingamizi zake, na alizitoa kwa utaratibu. Kwanza, ni mtu wa Mombasa, na watu wa Mombasa wana maneno mengi. Pili, ni baharia. Tatu, bahari yenyewe anayokwenda si bahari. "Bahari tunaijua sisi," alisema. "Maji yakishakuwa unaweza kusimama juu yake, hiyo si bahari, huo ni uwanja." Hata hivyo alikubali, kwa sababu ami wa Hounslow alikuja kuposa akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na alifika kwa wakati.

Tukaweka tarehe. Ikapita. Meli ya mchumba wangu iliwekwa foleni nje ya bandari huko mashariki, ikisubiri gati, na bwana harusi akaniletea salamu tu. Baba alipiga simu kwa kila mtu aliyealikwa, yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila alipokata simu alikuwa amekunja uso zaidi. Alipomaliza akasema maneno ambayo aliyarudia mpaka yakawa kama tasbihi.

"Mwanamume asiyefika harusini kwake hafiki popote."

Kila aliposema hivyo, mama aliinuka kwenda kutazama kitu jikoni. Nilikuwa naona, lakini nilidhani kweli kuna kitu kinaungua.

Tarehe ya pili baba aliiweka mwenyewe, na akasema ndiyo ya mwisho. Bwana asipofika, uchumba umekwisha, na yeye kama walii wangu hataozesha. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepumua, maana hasira za baba zilikuwa za asubuhi, mchana zimekwisha. Alisema kwa sauti ile aliyokuwa akiwaambia abiria kwamba treni ya mwisho imeondoka. Najua, ningeweza kwenda kwa msajili wa serikali nikatia saini na kurudi na mume. Lakini ndoa ambayo baba yangu hakuifungulia kinywa nisingeweza kuibeba mimi, wala mama asingeibeba. Nilimtaka yule mtu na nilimtaka baba yangu amesimama pale anaozesha. Niliogopa sana nitamkosa mmoja wao.

Kwa hiyo mchumba wangu aliponiambia safari hii meli yao inarudi Ulaya kwa njia ya juu, nilifurahi kama mjinga. "Tunapita kwenye barafu," alisema. "Nitafika wiki mbili kabla. Baba atanikuta mlangoni nimekaa." Na karatasi za meli ile zilipita mezani kwangu. Ubavu mnene, rubani wa barafu yumo, meli ya kuvunja barafu imeahidiwa. Nilizipeleka kupigwa muhuri mimi mwenyewe, nikitabasamu. Ndimi bibi harusi pekee ninayemjua aliyemwekea bima bwana wake asinase barafuni, kisha akanasa.

Palikuwa na mlango-bahari mmoja huko juu, baina ya bara na kisiwa, ambao meli zote hupitia. Upepo ukageuka, ukaisukuma barafu kongwe kutoka kaskazini ukaijaza pale kama mtu anayeziba mfereji kwa matambara. Meli ya kuvunja barafu ilikuwa mbali, inakokota wengine. Meli zilizobaki ziliambiwa zisubiri. Nilikuwa na kitone kwenye simu yangu, kitone kidogo cha kijani kilichoonyesha chombo chake kilipo, na kwa siku nyingi nilikuwa nakitazama kinavyotambaa. Kikaacha kutambaa. Nikazima simu, nikawasha. Nikadhani ni mtandao wa Barking.

Habari zilipoenea, kila mtu alikuja na methali yake. Haraka haraka haina baraka, hiyo nililetewa na nyumba nzima ya Ilford. Mwenda pole hajikwai. Shangazi mmoja alinishika mkono, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka kumwambia kwamba huko aliko mchumba wangu maji yanazoleka vizuri tu, kwa koleo.

Baba hakutumia methali. Aliuliza tu, "Si walisema ni njia ya mkato?"

Zilibaki siku chache. Ukumbi wa Ilford umeshakodiwa, mbuzi wameshaagizwa, mpishi wa biriani ameshakwaruzana na mama kuhusu zafarani. Ami wa Hounslow akaja nyumbani pamoja na sheikh wetu, mtu wa makamo, mpole, ambaye alikuwa na tabia ya kufunga macho anapofikiri. Wakakaa sebuleni na baba. Mimi na mama tulikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia, mama ameshika sinia la chai na vitumbua, mimi nimeshika chupa ya maziwa ambayo haikuhitaji mtu wa kuishika.

"Sheria ina nafasi," alisema sheikh. "Bwana harusi akiwa mbali huweka wakili, akamkubalia ndoa. Ami yake huyu hapa. Si jambo geni, mzee."

"Kwa wengine," alisema baba. "Binti yangu haolewi na kivuli."

Ami wa Hounslow alifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, na alikuwa na njia moja tu ya kueleza dunia. "Bwana mkubwa, huyu hajakataa kuja. Yuko delayed tu. Hata ndege ya mfalme huwa delayed."

"Ndege yenu ikichelewa mnaandika ubaoni saa mpya. Haya, niandikie saa mpya."

Ami akatazama vidole vyake. Barafu haina ubao.

"Basi," alisema baba. "Mwanamume asiyefika harusini kwake hafiki popote."

Nilimgeukia mama, nikijua sasa atakwenda jikoni. Hakwenda. Aliweka sinia juu ya kabati la viatu, chini ya lile koti. Hakuingia sebuleni. Alisema kutoka palepale aliposimama, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama sukari inatosha.

"Kivuli ndicho kilichonioa mie."

Sheikh aligeuka kuelekea mlangoni.

"Na nimekizalia watoto watatu. Sheikh, hebu muulize mwenyewe, siku ya harusi yangu alikuwa wapi."

"Hayo mambo ya zamani," alisema baba.

"Alikuwa hapa hapa, anakata tikiti za watu. Kurudi hawezi, na mie ruhusa ya kutoka sijapewa. Akasimama kaka yake msikitini akamkubalia, na mie nikakaa na kiti kitupu, nimewekewa na mto juu yake, wanawake wa mtaa mzima wananitazama. Unajua watu walimwambia nini babaangu? Walimwambia, mwanamume asiyefika harusini kwake hafiki popote."

Nilisogea nikamwona baba kupitia ufa wa mlango. Alikuwa anaitazama picha ukutani, ile ambayo mimi nilimlaumu mpiga picha miaka yote.

"Na babaangu akajibu nini?" mama aliendelea. "Akasema, asipofika atafikiwa. Nikakaa nangoja ruhusa mpaka hina imefutika, nimepaka nyingine imefutika. Nikamfikia."

Sheikh alikuwa amefunga macho.

"Na nilipofika uwanja wa ndege," alisema mama, na hapo sauti yake ikaanza kuchezacheza, "baridi inakata, nimevaa kigauni chepesi cha melimeli, bwana huyu kaja na koti. Picha yangu anayo mfukoni. Kaenda kamvisha mama wa Kihindi katoka Nairobi."

"Alikuwa na urefu wako," alisema baba.

"Alikuwa na umri wa mamaangu."

"Nilipewa picha ya uso. Nyote mlikuwa mmejifunika."

"Bibi wa watu akashukuru, akaondoka nalo mpaka foleni ya teksi. Mie nasimama natetemeka, namwona mume wangu kwa mara ya kwanza, mgongoni, anamkimbilia mke wa mtu."

Ami wa Hounslow ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kukohoa, haikumsaidia. Sheikh akafunika mdomo kwa leso. Nami nilisimama na chupa ya maziwa, nimeinua macho nalitazama koti ambalo nimepita chini yake kila siku tangu nilipokuwa mtoto nikienda shule, na nikaona aibu, na nikamwonea huruma yule msichana wa kwenye kiti. Nilikuwa nimemzoea sana hata nikaacha kumwona.

Baba hakucheka. Aliuliza, kama mtu anayeuliza treni inabadilishwa stesheni gani, "Na mashahidi wa huko melini watapatikana wapi?"

Maana sheikh, pamoja na upole wake, alitaka Waislamu wawili wawe pembeni ya bwana harusi wamsikie akimweka wakili, ili asije mtu baadaye akasema sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mwingine. Hapo tukaingia kwenye kazi ambayo sidhani kama ofisi yetu ya bima iliwahi kuifikiria. Meli ilikuwa na Wafilipino, Waukraine na mpishi wa Goa. Ukimtoa bwana harusi, Mwislamu alikuwa mmoja, fundi wa chumba cha injini, Mwindonesia. Wa pili alitafutwa kwenye barafu. Mchumba wangu aliniandikia kwamba amewauliza hata watu wa meli ya mbele kwa redio, na kwamba sasa msafara mzima unajua habari zetu na unatoa ushauri.

Wa pili akapatikana pale pale alipokuwa siku zote, juu, kwenye chumba cha usukani. Yule rubani wa barafu, mzee wa Kirusi aliyekuwa haongei ila kuhusu barafu, alikuwa Mtatari, kabila la Waislamu wa huko huko Urusi. Mtu hakujua kwa sababu mtu hakumuuliza.

Siku ya pili yake, baada ya Adhuhuri, simu iliwekwa katikati ya meza sebuleni kwetu, juu ya kitambaa cha kufuma, na wanaume watatu wakaizunguka. Mimi na mama tulikuwa ukumbini, lakini mlango safari hii uliachwa wazi. Sauti ya mchumba wangu ilikuja kutoka mbali, ikichelewa kidogo, kila neno likifika baada ya sisi kukata tamaa nalo. Alimsalimu baba. Baba aliitikia. Alimsalimu tena, maana jibu halijafika. Baba akaitikia tena, kwa ukali kidogo.

Yule Mwindonesia hakuleta shida. Alitoa shahada kwa sauti nzuri. Akaja rubani.

"Anasema hajui kama anahesabiwa," mchumba wangu alitafsiri. "Anasema bibi yake alikuwa akiswali jikoni, mlango umefungwa, enzi hizo mtu akionwa anaswali ana kesi. Yeye alikuwa anakaa mlangoni anamlindia. Lakini tangu bibi afe hajaswali sana. Kwa kweli, anasema, hajaswali."

Sheikh akafunga macho. Nilimjua. Angeyafunga mpaka Alasiri.

"Mwambie asome alichofundishwa na huyo bibi yake," alisema baba.

Kukawa na mvumo wa upepo kwenye simu. Kisha yule mzee akaanza Alhamdu, polepole, kwa lafudhi ambayo sijaisikia kabla wala baada, akiyaweka maneno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Karibu na mwisho akakwama. Tulisikia anapumua. Baba akainama kwenye simu, akampa neno, taratibu, namna alivyokuwa akitupa sisi wanawe tulipokuwa tukisahau. Likaenda mpaka huko juu. Tukangoja. Rubani akalipokea, akamaliza.

"Amin," alisema baba, na sheikh, na ami, na sisi wa ukumbini. Tukiwa tumeshanyamaza, amin ya wale wa melini ikatufikia. Nililia, na sikujificha. Mama alinipa pembe ya mtandio wake nijifutie, kisha akaichukua akajifutia yeye.

"Anahesabiwa," alisema sheikh.

Mchumba wangu akatamka kwamba amemweka ami yake amkubalie ndoa, mashahidi wakathibitisha, na nyuma yao nahodha akasikika akiuliza kama simu imekwisha kazi, maana naye ana dunia ya kuzungumza nayo. Lakini baba alikuwa hajamaliza. Alimtaka rubani.

"Hiyo barafu yenu," alimuuliza kwa Kiingereza chake cha dirishani, "ni mpya au kongwe?"

"Old," rubani alijibu. "Very old. Very strong."

"Old," alisema baba, akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jamaa yake. "Lakini itapasuka?"

Jibu lilichelewa. "Slowly," alisema rubani.

Ndoa ilifungwa msikitini Barking siku ile ile iliyopangwa, saa ile ile, kama treni. Sikuwepo, lakini niliambiwa baba aliozesha kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viatu mlangoni. Ami wa Hounslow, amevaa joho, alikubali kwa niaba, na alikubali vizuri mno, kiasi kwamba nusu ya wageni walimpongeza yeye. Wengine walikuja na habari hiyo ukumbini Ilford. Bibi mmoja akaniinamia pale nilipokaa jukwaani, akaninong'oneza kwamba nisisikitike, mume mtu mzima ana utulivu, na mvi si ugonjwa.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeona pengo. Shughuli yetu ni ya wanawake, bibi harusi hukaa peke yake akatazamwa, biriani linaliwa, taarabu inapigwa, watu wanatuzana. Pengo lilikuja wakati ule bwana anapoingizwa. Ngoma zikapungua. Wanawake wakajifunika, kwa mazoea, wakageukia mlangoni na vigelegele tayari vinywani. Mlango haukufunguka. Pembeni yangu kilikuwepo kiti cha pili, na wapambaji walikuwa wamekiwekea mto. Niliutazama ule mto, nikahisi macho ya ukumbi mzima yanahama kutoka mlangoni kuja kwangu. Nilikuwa na tabasamu, na halikutaka kukaa.

Mama akainuka kwenye meza ya mbele. Alipanda jukwaani na viatu vyake mkononi, maana vilikuwa vinambana, akauondoa mto, akakaa.

"Mie nilikaa peke yangu," aliniambia. "Wewe hukai."

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma kabisa, kwenye meza ya wazee wa Unguja waliokuwepo harusini kwake. Hao walijua. Walikuwa wanajua siku zote, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Kesho yake asubuhi meli ya kuvunja barafu ikatokea. Kitone changu kikaanza kutambaa. Kama ingekuja mapema kidogo nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia watu, na picha ya mama ingebaki na mpiga picha wake mzembe.

Mume wangu alishuka meli Norwei, akapanda ndege. Tulikwenda kumpokea Heathrow, mimi, mama na baba. Ami alikuwa ndani, kazini, na kila baada ya muda alinipigia simu kunieleza kwa sauti ya kikazi kwamba ndege imetua, kwamba mizigo inatoka, kwamba sanduku lake ameliona kwa macho yake. Baba alikuja amekunja kitu mkononi. Nilikuwa na mawazo yangu, sikukitazama vizuri mpaka tulipofika kwenye kizuizi ambapo watu husubiriana. Lilikuwa lile koti la ukumbini, limepigwa brashi.

"Baba, anatoka kwenye barafu," nilimwambia. "Makoti anayo."

"Mtu akija kwangu mara ya kwanza simpokei mikono mitupu," alisema.

Milango ikafunguka. Wakatoka watu wengi, na mume wangu katikati yao, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, pua imebabuka kwa baridi, amevaa jaketi la melini la rangi ya chungwa, nene, ambalo mtu angeweza kulala nalo juu ya theluji. Aliniona. Lakini kabla hajanifikia baba alikuwa ameshapita chini ya kamba ya kizuizi, kitu ambacho mtu wa stesheni hafanyi, akaenda moja kwa moja mpaka kwake. Alimtazama usoni kwa makini, akalikunjua koti, akamtupia mabegani juu ya lile jaketi. Likamwenea. Mume wangu akasimama pale amevaa makoti mawili, jasho linamtoka, akaubusu mkono wa baba.

Mama alinishika kiwiko.

"Safari hii," alisema, "hakukosea mtu."